Moto Katika Jiko la Maonyesho

Miaka ya vita tulizika wengi pale Kindu, na mmoja tulimlilia bure. Huyo alikuwa kaka yangu.

Aliondoka Mikelenge, mtaa wetu wa Kindu, na kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli kwetu, imebeba madumu manne ya mawese. Treni ilikuwa imelala kwenye reli, chumvi ilikuwa ikinunuliwa kwa kijiko, na wanaume waliokuwa na magoti imara walisukuma mizigo porini hadi Kampene na mbele zaidi. Hakurudi. Baada ya miezi kadhaa msafiri mmoja alitokea akasema amemwona kwa macho yake mawili akichukuliwa na mto. Tukatandika mikeka. Picha yake ya shule tukaiweka juu ya kiti. Majirani wakaja na kuni na sufuria zao, kama inavyotakiwa, na mbuzi wawili wa Mama wakaliwa kwa siku tatu.

Wiki chache baadaye tukaitwa kwenye foni. Foni ilikuwa redio ya masafa marefu katika chumba kimoja cha Kasuku, upande wetu wa mji. Kila aliyekaa kwenye benchi alisikia habari za kila mtu, na ukimaliza kusema ilikubidi utangaze kwamba umemaliza, ndipo wa upande wa pili aanze.

"Mama, njo miye," ikasema redio, kwa Kiswahili chetu ambacho "ndiyo" husemwa "njo". "Niko muzima. Nimemaliza."

Mama alikishika kile chombo kama anataka kukikaba. Mwendeshaji akamwambia, "Jibu, Mama, betri inaisha."

"Mbuzi yangu mbili ilikufa sababu ya weye," akasema Mama. "Nimemaliza."

Benchi zima walicheka, naye akalia kuliko alivyolia kwenye matanga yenyewe.

Tangu siku hiyo alikata shauri lake. Kosa lilikuwa picha. Tulimweka mtu mzima juu ya kiti kama maiti, na ni bahati tu kwamba kifo hakikutusikia. Aliifungia ile picha ndani ya sanduku, ikitazama chini, na hakutaka tena kuona sura ya mwanawe popote isipokuwa juu ya shingo yake. Zilipokuja simu za kuonana, aliiweka simu mezani ikilala chali na kuongea nayo huku akichambua mchele. Kaka yangu, ambaye alifika hadi nchi ya theluji na kuwa msanii, aliijua dari ya nyumba yetu kuliko fundi aliyeijenga.

"Mama, nyanyua simu nikuone," angesema.

"Sauti inatosha. Sura utaleta mwenyewe na miguu."

Hilo la miguu halikuwezekana. Karatasi zake za huko ni za namna ambayo ukitoka huruhusiwi kurudi, na ana mke na watoto huko. Mama alielezwa mara nyingi. Alisema yeye hakuuliza habari za karatasi.

Mimi nami sikukaa. Niliuza maandazi kwa wachimbaji wa Kampene, nikaenda Goma, Kampala, Kigoma, Lusaka. Nina ugonjwa mmoja: mji ninaoupenda ni ule niliotoka. Nikiwa Kigoma niliwasifia watu Goma hadi wakanichangia ushauri nirudi, na niliporudi Goma nikaanza kuwasimulia Kigoma. Mwishowe nilirudi Kindu na begi moja, nikiwa nimepita miaka arobaini na nikiwa na diploma ya sekondari ambayo panya walikuwa wameila pembeni. Mama aliitazama miguu yangu, akauliza nimerudi kwa siku ngapi.

Wakati huo jiji lilikuwa limefungua jumba la makumbusho ndani ya depo ya zamani karibu na stesheni. Lilikuwa la kazi za Waafrika wanaoishi ng'ambo, za sasa hivi, si vinyago vya mababu. Mkuu wake alikuwa mama mmoja aliyezaliwa Kindu akabebwa mgongoni hadi Ulaya, akarudi na mvi. Kiswahili chake alikuwa amekipata kwa mama yake, wakipika, kwa hiyo kilikuwa kitamu lakini cha jikoni. Alipotaka tubadilishe mpangilio wa ukumbi alisema tuukoroge upya. Aliniajiri niwe mwongozaji kwa sababu nilisema nimeona nchi nyingi. Hakuuliza nilifanya nini huko.

Kazi zilikuwa za ajabu na nilizipenda. Kulikuwa na ramani kubwa iliyoshonwa kwa mashati ya mitumba. Kulikuwa na kitanda kilichotengenezwa kwa tiketi za basi, ambacho wageni wote, bila hata mmoja kukosa, walikibonyeza kwa ngumi na kuniambia hakilaliki. Nilifundishwa kuvaa glavu nyeupe kila ninapogusa kitu, na kusema "tafadhali usiguse" kwa sauti ya upole.

Kisha kikafika kile kilichotumwa na kaka yangu: jiko letu. Alikuwa amelijenga upya kwa kukumbuka tu, jiko la nje la Mikelenge la miaka ile ya vita, ambalo lilianguka lenyewe kwa mvua muda mrefu uliopita. Fito zilifungwa moja moja kwa karatasi laini. Kulikuwa na kinu na mchi, utara wa kukaushia samaki, vyungu viwili na sufuria tatu zilizopakwa masizi ya rangi. Mafiga nayo yalikuwemo: mawe matatu yaliyopanda ndege kutoka nchi ya theluji kuja Kindu, ambako mawe hatujawahi kupungukiwa, kila moja limeandikwa namba chini. Kwa kuwa lilishindwa kupita mlangoni, tulilisimamisha uani, na udongo wa kukandika tukachukua hapo hapo.

Alilitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja. Aliniambia hivyo wazi: wazungu wamelipenda, wameandika, sawa, lakini yeye anataka Mama aingie ndani yake. Maonyesho yangekaa wiki sita, kisha yapelekwe Bukavu, na baada ya hapo hakujua yangeelekea wapi.

"Utamuleta?" aliniuliza kila aliponipigia.

"Nitamuleta."

Nilimwendea Mama mara tatu. Mara ya kwanza alisema goti linauma. Mara ya pili alisema goti limepona lakini ana shamba. Mara ya tatu alisema ukweli.

"Jiko niko nayo," alisema. "Mwambie njo mutoto sina."

Asubuhi ya ufunguzi nilitumwa nikamwombe kwa mara ya mwisho, na mkuu wa jumba akabaki kupamba lango. Laiti ningebaki mimi. Alikuwa na nia njema kabisa. Aliogopa mvua, akakodi turubai na viti vya plastiki. Alitaka kijani, akasimika makuti ya mchikichi pande zote mbili za lango. Na kwa kuwa kaka yangu alikuwa mtoto wa mji, alisimamisha picha yake kubwa barabarani, na shada la maua meupe mbele yake. Chini ya picha akaandika, kama wanavyofanya huko kwenye majumba yao, mwaka aliozaliwa, kisha kistari, kisha mwaka alioondoka Kindu.

Mtu yeyote wa Kasuku anayepita na kuona turubai, viti, makuti, maua, na picha yenye miaka miwili chini yake, haulizi. Anashuka kwenye pikipiki na kuvua kofia.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye kibao mbele ya Mama, naye akimenya muhogo, nikimweleza kwamba mjumbe wa meya mwenyewe atakuwepo. Aliniuliza kama huyo mjumbe hana mama yake. Ndipo pikipiki ikasimama getini, na dereva, ambaye ni wa mtaa wetu, akaja akiinamisha kichwa.

"Mama, pole sana."

"Pole ya nini?"

"Ya mutoto. Tumeona picha pale depo."

Mama aliacha kumenya. Hakunitazama kwanza. Alitazama muhogo, kisha kisu, kisha mimi.

"Weye unatoka kule," alisema. "Amekufa?"

"Hapana, Mama. Amenipigia leo asubuhi, tumezungumza."

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama utakuja."

Alisimama, akafunga kitenge chake kwa nguvu kama mtu anayekwenda kuamua ugomvi.

"Basi mara hii sichinji kitu," alisema, akapanda pikipiki. Nami nikapanda nyuma yake, tukawa watatu, na njia nzima dereva alikuwa akiomba msamaha kwa habari ambayo hakuitunga.

Tulisikia kilio kabla ya kuona lango. Wanawake kama ishirini walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya turubai, miguu imenyooka, vitambaa vichwani. Mbele yao alikuwa mama mdogo, mdogo wake Mama, ambaye kwa matanga hajawahi kuwa wa pili kufika. Alikuwa anamsifu kaka yangu kwa mambo ambayo hatukuwahi kuyaona: utii, uchapakazi, upole kwa wakubwa. Kando yao alisimama mkuu wa jumba, mkono kifuani, macho yamelowa.

"Wameguswa," alininong'oneza. "Hata ng'ambo sijaona wageni wanaguswa hivi. Na mlango bado haujafunguliwa."

Mama alikuwa ameshafika kwenye mkeka wa mbele.

"Unamulilia nani?"

"Yaya, pole," akasema mama mdogo, maana ndivyo anavyomwita dada yake mkubwa, akimnyooshea mikono. "Tulikungojea."

"Mulingojea wapi? Mutoto ni wangu, na kilio munaanza bila miye?"

"Tuliona picha."

"Hata mara ile kulikuwa na picha. Mutoto iko muzima. Amezungumuza na huyu leo."

Mama mdogo alinigeukia kuhakikisha. Nilikubali kwa kichwa. Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge, na nitasema kweli, hakuonekana mtu aliyeletewa habari njema.

"Kumbe," alisema. "Na sombe iko motoni."

"Motoni wapi?"

Alielekeza kwa midomo, kule uani. Juu ya paa la depo moshi ulikuwa ukipanda, wa buluu, wa kuni zilizokauka vizuri.

Nilikimbia. Nilivaa glavu nyeupe huku nikikimbia, maana hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Nilikuta wanawake wawili wa mtaa wa stesheni wamechuchumaa ndani ya kazi ya kaka yangu kana kwamba walizaliwa humo. Walikuja na kuni zao, wakatafuta pa kupikia wafiwa, wakakuta jiko tupu, safi, lenye kila kitu. Sasa jiwe namba moja, namba mbili na namba tatu yalikuwa yamebeba sufuria kubwa ya sombe, yale majani ya muhogo, inayochemka. Mmoja wao alikuwa akipepea moto kwa kibao cha karatasi ngumu. Nilikitambua. Kilikuwa kimeandikwa "Tafadhali usiguse."

"Tafadhali," nikasema kwa sauti ya upole, "usiguse."

"Dada, pole na msiba," alinijibu. "Chumvi iko?"

Mkuu wa jumba alifika nyuma yangu. Nje gari la mjumbe wa meya lilikuwa linapiga honi. Lakini aliyeingia jikoni hakuwa mjumbe. Alikuwa Mama. Alikuja kuwafukuza wale wawili, hasira bado ipo mkononi, na alipoinama kupita mlango ule mfupi, alisimama.

Aliuangalia utara. Aliangalia msumari ulioning'iniza kawa. Aliligusa paa pale lilipokuwa likivuja, kwa maana kaka yangu alikuwa ameweka hata pale pa kuvuja, na kopo chini yake.

"Nani ameleta jiko yangu hapa?" aliuliza.

Kisha macho yake yakashuka kwenye kinu, na uso ukabadilika.

"Kinu haikukaa upande hii," alisema. "Upande hii mvua ilikuwa inaingia. Nani ataweka kinu kwa mvua?" Akakikumbatia, akaanza kukisogeza.

"Mama," nilisema, "bila glavu hairuhusiwi."

"Ondoka njiani na soksi zako."

Kilipokaa pake, alifunua sufuria, akaonja sombe kwa kiganja, akawatazama wale wanawake wawili kwa huruma. Aliwaambia wamepika kama watu wanaokimbia. Akavuta kigoda, akakaa, akachukua mwiko. Tangu hapo hawakuwa tena na jiko, na nadhani walilijua hilo, kwa sababu mmoja alimpa kibao cha kupepea bila kuombwa.

Mama mdogo naye aliingia, na ndiye aliyekiona kitundu. Kilikuwa chini, nyuma ya pipa la maji, kwenye ukuta wa fito: tundu la mraba lililofunikwa kwa kipande cha mkeka.

"Na hii dirisha ya kuku ni ya nini?" aliuliza akicheka.

Mama aliacha kukoroga. "Ile haikuwa ya kuku," alisema. "Wenye bunduki wakifika mbele, tulitokea pale, tukaanguka kwa shamba ya muhogo. Watu watatu. Miye wa mwisho."

"Weye?" mama mdogo alimpima kwa macho kutoka juu hadi chini. "Pale?"

"Nilikuwa mwembamba. Wote tulikuwa wembamba." Akanielekezea mwiko. "Waonyeshe."

Nina miaka arobaini na kitu na nimekula wali wa nchi nne. Niliwaonyesha. Kichwa kilipita, mabega yalipita, na hapo kiuno kikakataa. Nilikaa hivyo, nusu nje kwenye majani, nusu ndani ya kazi ya sanaa, nikiwasikia wanawake nyuma yangu wakicheka hadi wakaanza kupigana makofi ya mgongoni. Mjumbe wa meya alikuwa ameshafika, maana nilisikia sauti ya kiume ikiuliza hiki kipande kinaitwaje.

Simu yangu ikalia mfukoni, upande uliobaki ndani. Mkuu wa jumba aliichukua. Alikuwa kaka yangu, maana tulipatana autazame ufunguzi kwa simu saa hiyo.

"Nini inaungua?" nilimsikia.

"Hakuna inayoungua," nilipiga kelele kutoka nje. "Mama anapika."

"Mama nani?"

Nilijisukuma kinyumenyume, nikaacha kitufe kimoja cha shati kwenye fito, na nilipoinua kichwa Mama alikuwa ameshika simu. Hakuilaza. Aliibeba mbele yake kama taa, kioo kikitazama mbele, akimzungusha mwanawe ndani ya jiko lake mwenyewe.

"Unaona kinu? Inakaa huku. Huku, si kule. Utara uliweka chini sana, moshi itapikia wapi samaki? Na chungu ya pili haikuwa yetu, ilikuwa ya jirani."

"Haikurudishwa?" aliuliza kaka yangu, na sauti yake haikuwa sawa.

"Tulikimbia nayo. Sasa hii tundu, ulipima na nini?"

"Na mabega yangu, Mama. Ya wakati ule."

"Unasema nini? Hausikiki." Akaigeuza simu ili aone kama imeharibika, na huko ndani alikuwemo mwanawe.

Niliona anataka kuiweka chini. Mkono ulishuka hadi kwenye goti. Sombe ilikuwa inachemka, wanawake wamesogea, hata mjumbe alikuwa amevua miwani. Kisha akainyanyua tena, akaileta karibu na macho.

"Nywele iko wapi?" aliuliza.

"Ilibaki njiani, Mama."

"Njia gani inakula nywele?" Alimwangalia kwa muda mrefu, paji, ndevu zenye mvi, shingo. "Na umekonda. Nani anakupikia?"

"Bibi yangu, mama ya watoto, anapika. Siku zingine ninapika mwenyewe."

"Kwa jiko kama hii? Njo maana."

Kaka yangu alicheka na kulia kwa pamoja. Mama alimwambia aache, watu wanaangalia, kuna hata mkubwa wa meya hapa. Akamgeuzia simu yule mjumbe ili wasalimiane. Utepe ulikatwa mchana, kwa kisu cha muhogo, na mjumbe akiwa na sahani mkono wa pili. Hotuba yake ilikuwa fupi kwa sababu alikuwa anaomba kuongezwa. Mama mdogo aliwaambia waliokuwa wakiendelea kufika kwamba hakuna aliyekufa, lakini waingie tu.

Wiki zote sita Mama alikuja. Hakuingia ukumbini hata siku moja, na kitanda cha tiketi hajakiona. Alikwenda moja kwa moja uani, akanidai simu, na wakagombana na mwanawe uso kwa uso kuhusu urefu wa utara. Mkuu wa jumba aliandika kila badiliko kwenye daftari.

Ugomvi mkubwa ulikuja siku ya kufungasha. Kaka yangu alisema sufuria ziende Bukavu kama zilivyo, na masizi ya Kindu juu ya masizi yake ya rangi, kwamba sasa ndiyo kazi imekamilika. Mkuu wa jumba alikubali mara moja. Mama alisikiliza hadi mwisho.

"Utapeleka sufuria muchafu kwa mji ya watu?" alimuuliza. "Watasema huna mama."

"Mama, njo kazi yenyewe. Usioshe."

"Ninakuona unaongea," alisema, akaegemeza simu yangu kwenye pipa ili mwanawe aangalie vizuri. Akachota mchanga na majivu, akakunja kitenge, akaanza kusugua.